Mbegu za kitunguu maji: uziache shambani, upande upya au ununue kopo?

Kila bei ya kopo la mbegu za kitunguu inapopanda, swali hurudi kwenye majaruba: kwa nini tusitoe mbegu wenyewe? Inawezekana. Wakulima wa Mang'ola, bondeni karibu na Ziwa Eyasi wilayani Karatu, wametoa mbegu zao kwa miaka mingi, na aina ya Mang'ola Red inayolimwa leo mbali na kwao imebeba jina la bonde lao. Kinachowakwamisha wengi ni kudhani kuna njia mbili tu, kutoa au kununua. Kutoa kwenyewe kuna njia mbili, na hizo mbili hazilingani kwa muda, kwa jasho wala kwa mbegu utakayoishika mwishoni.

Kwa hiyo hapa nalinganisha tatu: kuacha vitunguu shambani mpaka vitoe mbegu; kuvivuna, kuvichagua na kuvipanda upya; na kununua. Kabla ya hapo, kuna mambo ya kitunguu chenyewe ambayo usipoyajua hakuna njia itakayokufaa.

Tabia ya kitunguu

Kitunguu maji ni mmea wa misimu miwili. Msimu wa kwanza kinatoka kwenye mbegu nyeusi na kuwa kitunguu cha kula. Kikiachwa kiendelee, au kikipandwa tena, na kikapitiwa na baridi ya kutosha, kinarusha bua lenye uwazi ndani, refu kama mita moja hivi, na juu ya bua kichwa cha mviringo chenye maua mamia. Kila ua linaweza kubeba hadi mbegu sita, ingawa kwa kawaida huwa chache zaidi.

Baridi ndiyo inayoamua. Bila baridi kitunguu ulichokipanda kitachipua majani, kitagawanyika na kuunda vitunguu vingine, lakini ua hulioni. Baridi inayokisukuma vizuri ni ya nyuzi 5 hadi 12 za Selsiasi kwa wiki kadhaa. Aina zilizozoea ukanda wetu, kama Red Creole, Bombay Red na hiyo Mang'ola Red, huridhika na baridi hafifu zaidi, ile ya usiku wa Juni na Julai kwenye miinuko. Ndiyo maana mtu wa Mbulu, Lushoto au Kieni huona maua hata pale asipoyataka, na mwenzake wa Tanga, Unguja au Kilifi anaweza kungoja mpaka achoke.

Jambo lingine ni uchavushaji. Katika ua moja, chavua humwagika kabla sehemu ya kike haijawa tayari kuipokea, kwa hiyo mmea unategemea nyuki na nzi walete chavua kutoka ua jingine. Hapo ndipo aina zinapochanganyika. Chekundu na cheupe vikichanua pamoja, kitunguu cha mwaka huu hakibadiliki, ila mbegu zitakazotoka zitakupa mchanganyiko mwaka unaofuata. Vitunguu vidogo vya mafungu navyo ni ndugu wa damu, vinachanganyika. Kitunguu saumu hakichanganyiki nacho kamwe. Wazalishaji wa mbegu za biashara hutenga kilomita moja au zaidi kati ya aina na aina, umbali ambao bustani ya nyumbani haiwezi kuuota. Lakini usikate tamaa mapema: kinachohesabika ni vitunguu vilivyo kwenye ua wakati mmoja na vyako. Jirani mwenye ekari tatu za vitunguu vya kula hakudhuru, mradi akubali kung'oa vichache vilivyorusha mabua.

Na la mwisho, ambalo linaweza kuumaliza mjadala wako wote: soma kopo lililotoa vitunguu ulivyonavyo. Likiwa limeandikwa F1, yaani mbegu chotara, usihangaike kutoa mbegu. Chotara za kitunguu hutengenezwa kwa kutumia mimea isiyotoa chavua hai, ugumba unaorithiwa kutoka kwa mama, na chanzo chake kikuu ni mmea mmoja uliogunduliwa Davis, California, mwaka 1925. Mbegu ukizipata kwenye F1 zitatoa vitunguu vya kila umbo, na baadhi ya mimea yake itakuwa gumba. Njia mbili za kutoa mbegu ni kwa aina za kawaida peke yake, zile ambazo mtoto hufanana na mzazi.

Vigezo nilivyotumia

Nimeziangalia njia zote tatu kwa mambo yaleyale: muda na ardhi zinazoshikwa, mahitaji ya baridi, nafasi ya kuchagua mzazi, hatari za njiani, na fedha pamoja na kazi. Kwangu mimi nafasi ya kuchagua ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu mengine yote yana njia ya kuzungukwa. Wewe unaweza kuwa na shida kubwa zaidi ya ardhi au ya fedha, na hapo uzani utabadilika.

Njia ya kwanza: kuacha shambani mpaka mbegu

Unasia mbegu kitaluni, unahamisha miche kama kawaida, halafu huvuni. Mimea inakaa palepale, inapita kwenye baridi, inatoa ua na mbegu. Kwa nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania na katikati mwa Kenya, kusia Februari au Machi kunaifikisha miche kwenye baridi ya Juni ikiwa imeshanenepa.

*Muda na ardhi.* Miezi minane au tisa tangu kusia. Ni haraka kuliko njia ya pili, ila kipande hicho cha ardhi kimefungwa muda wote huo. Nafasi za sentimita 10 kati ya mche na mche zinazotosha kwa vitunguu vya kula hazitoshi hapa. Punguza mimea ibaki kwenye sentimita 15 hadi 20, vinginevyo mabua yatabanana na ukungu utajialika.

*Baridi.* Mche mwembamba hauisikii baridi. Shina la chini liwe limefikia unene wa penseli au zaidi kabla ya baridi kuanza. Ukichelewa kusia, utapata vitunguu vizuri vya kula na mbegu hakuna.

*Kuchagua.* Hapa ndipo njia hii inapochechemea. Kitunguu kiko ardhini na hukijui. Unaweza kufukua udongo kidogo ukaona rangi na umbo, lakini hujui kama kingekaa ghalani, hujui kama ndani kina kitovu kimoja au viwili. Tena kuna mtego: mimea ya kwanza kabisa kurusha bua ndiyo yenye haraka ya kuchanua, na ukikusanya mbegu zake kwa pupa unajijengea ukoo wa vitunguu vinavyochanua kabla ya kuvunwa. Ing'oe ile ya mwanzo, uipike.

*Hatari.* Hakuna kuoza ghalani kwa sababu hakuna ghala. Lakini mmea unaokaa shambani miezi minane ni meza iliyoandaliwa kwa thiripsi, wale wadudu wadogo sana wa majani, na kwa magonjwa ya ubwiri unyoya na madoa ya zambarau. Madoa yakishambulia bua, bua huvunjika likiwa na kichwa kibichi na mbegu zake zinabaki mapepe. Na kwa kuwa mbegu hukomaa kuelekea Oktoba au Novemba, vuli ikiwahi inaweza kuvikuta vichwa bado vimesimama.

*Fedha na kazi.* Ndogo. Palizi, maji, na kufunga kamba upepo usilaze mabua.

*Inamfaa* mtu mwenye mbegu anayoiamini, labda amepata gramu chache za aina safi, anayetaka kuzizidisha mara moja haraka. Haimfai anayetaka kuirudia mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila kizazi kinachopita bila jicho la mtu kinashuka kidogo.

Njia ya pili: kuvuna, kuchagua, kupanda upya

Hii ndiyo njia ya wazalishaji wanaojali aina, na ndiyo nitakayoizungumza kwa kirefu kwa sababu ina mambo mengi ambayo watu huyaruka.

*Muda na ardhi.* Hesabu mwaka mzima au zaidi kidogo. Kitalu wiki sita hadi nane, shambani miezi mitatu hadi minne, ghalani miezi miwili au mitatu, kisha miezi minne au mitano kutoka kupanda vitunguu mama, yaani vile ulivyovichagua vizae mbegu, hadi kukata vichwa. Ardhi lakini haifungwi muda wote; katikati unaweza kupitisha mboga au maharage. Ukivuna vitunguu kati ya Januari na Machi na kupanda mama Aprili au Mei, baridi inavikuta vimeshika mizizi, na mbegu zinakomaa Septemba wakati jua bado kali. Ratiba hiyo ndiyo inayonifanya nisihofie vuli.

*Baridi.* Kitunguu kikubwa kinaisikia baridi vizuri kuliko mche. Na kwa sababu kinaweza kubebwa, una ujanja ambao njia ya kwanza haina: jokofu. Anayeishi joto anaweza kuweka vitunguu vyake kwenye mfuko wa karatasi au wavu, kwenye droo ya mboga, wiki sita hadi nane, kisha akavipanda. Visiguse sehemu ya kugandisha na visifungwe kwenye nailoni, vitaoza. Angalizo: joto kali la kuanzia nyuzi 28 hivi mara tu baada ya kuvitoa linaweza kufuta kazi yote ya baridi, kwa hiyo kwa pwani panga vitoke jokofuni mwishoni mwa Juni, kipupwe kikiwa kimekolea.

*Kuchagua.* Unachagua mara tatu. Mara ya kwanza shambani, siku ya kuvuna: acha vilivyotoa ua, vyenye shingo nene isiyokauka, vilivyogawanyika pacha, vyenye madoa. Chukua vya ukubwa wa kati, sentimita 5 hadi 6, vyenye umbo na rangi unayoitaka. Usikimbilie majitu, mara nyingi ukubwa wake ni wa nafasi na mbolea iliyomwagikia pale, si wa damu.

Mara ya pili ni ghalani. Vitandaze kwenye chanja, kivulini, penye hewa, na uvitembelee. Baada ya miezi miwili vipo vilivyochipua, vipo vilivyolainika, na vipo vilivyokaa vimya na maganda yake makavu. Hao wa mwisho ndio wazazi. Sehemu hii ndiyo inayoifanya njia ya pili ilipe: umechagua kitunguu kinachovumilia joto la banda lako na unyevu wa kijiji chako, na hakuna kopo la dukani linaloweza kukufanyia hivyo. Kitunguu kinachokaa ghalani mpaka bei ipande ni fedha, kila mkulima wa Singida au Ruaha Mbuyuni anajua.

Mara ya tatu ni kwa kisu. Siku ya kupanda kata robo ya juu ya kila kitunguu. Utaona duara zimezunguka kitovu kimoja, au utaona vitovu viwili vitatu. Vya kitovu kimoja panda. Vingine peleka jikoni, havijapotea. Jeraha liache likauke siku moja kwanza. Kukata huko pia huharakisha kuchipua.

Upande mama wangapi? Hapa hesabu hudanganya. Tuta la mita 1 kwa 10, kwa nafasi ya sentimita 15 kwa 10, linachukua miche kama 660. Gramu moja ya mbegu ina mbegu takriban 250 hadi 300, kwa hiyo gramu 3 zinatosha tuta zima na ziada, na kichwa kimoja chenye afya kinaweza kutoa karibu gramu hizo. Mtu akiona hivyo anapanda vitunguu viwili na kusema vimetosha. Vimetosha kwa wingi, havitoshi kwa damu. Kitunguu hudhoofika haraka kikizaliana na ndugu wa karibu: miche inakuwa dhaifu, vitunguu vinapungua ukubwa kizazi hadi kizazi. Panda mama wasiopungua 20 hata kama bustani yako ni ndogo. 50 ni bora. Anayekusudia kuitunza aina kwa miaka afikie 100 au zaidi. Kisha changanya mbegu za vichwa vyote.

Wapande sentimita 30 kwa 30, au 45 kama udongo una rutuba kubwa, wafukiwe mpaka shingoni. Mabua yakitoka, chomeka vijiti pembeni na uzungushe kamba.

*Hatari.* Kuoza ghalani ndiko kwa kwanza. Magonjwa ya majani yaleyale ya njia ya kwanza yapo, ila kwa muda mfupi zaidi. Kisha uchavushaji: nekta ya kitunguu haiwavutii nyuki sana, na palipo na alizeti au maua mengine matamu karibu watakupita. Ukiwa na mimea michache, pitisha kiganja taratibu juu ya kichwa hadi kichwa kila siku asubuhi umande ukikauka. Maua ya kichwa kimoja hufunguka kwa awamu, kwa hiyo ni kazi ya wiki mbili au tatu. Dawa ya wadudu usipige mchana wakati wa maua. Ikibidi, iwe jioni nyuki wakiwa wameshalala. Na kama jirani ana rangi nyingine inayochanua, funika vyako kwa shela ya kitambaa chepesi na ufanye uchavushaji kwa mkono peke yake.

*Fedha na kazi.* Unachokilipia ni vitunguu vizuri ulivyojinyima kuviuza. Mama 50 wa ukubwa wa kati wana uzito wa kilo 5 hivi. Kazi ni ya kudumu lakini si nzito. Inataka mtu anayekumbuka.

*Inamfaa* mwenye subira, mwenye aina ya kawaida inayopendwa kwao, na mwenye mahali pa kuhifadhi. Anayelima ili ale na auze kidogo ataona faida tangu kizazi cha pili au cha tatu, si cha kwanza.

Swali linaloulizwa sana: je, nikinunua vitunguu sokoni niwafanye mama? Unaweza kubahatisha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vitunguu vyekundu vinavyouzwa Nairobi imevuka mpaka kutoka Tanzania, na vingi ni vya aina za kawaida. Ila huwezi kujua kipi ni F1, na vile vikubwa vya njano kutoka Ulaya viache kabisa: aina hizo zinahitaji mchana wa saa 14 au zaidi ili ziunde kitunguu, na kwetu mchana haufiki huko. Utavuna majani.

Njia ya tatu: kununua

*Muda na ardhi.* Unaanza leo. Hakuna shamba la mbegu.

*Baridi.* Haikuhusu. Mwenye shida hiyo alikuwa mzalishaji.

*Kuchagua.* Mtu mwingine amekuchagulia, na mara nyingi amechagua vizuri kuliko ungeweza: mbegu safi, iliyopimwa, aina inayofahamika. Kwenye F1 utapata pia usawa wa ukubwa na wakati wa kuvuna, jambo linalompendeza mnunuzi wa magunia. Kinachokosekana ni ghala lako na udongo wako katika uchaguzi huo.

*Hatari.* Mbegu bandia na mbegu kuukuu. Mbegu ya kitunguu ni miongoni mwa zinazokufa haraka. Ikikaa mwaka mmoja au miwili kwenye joto la duka inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya uhai wake huku sura ikiwa ileile nyeusi. Kwa hiyo soma tarehe ya kupimwa, asilimia ya uotaji na namba ya kundi. Tafuta lebo ya taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, TOSCI ukiwa Tanzania au KEPHIS ukiwa Kenya, ambako stika yake ina namba ya kukwangua unayoihakiki kwa ujumbe mfupi wa simu. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililokwisha kufunguliwa zikwepe hata kama muuzaji ni shemeji yako.

*Fedha na kazi.* Unalipa kila msimu, na kwa F1 unalipa zaidi. Kwa ekari moja utahitaji kilo 1 hadi 1.5 ikiwa kitalu kinatunzwa vizuri. Piga hesabu hiyo kwa bei ya kwenu kabla ya kulalamika au kufurahi. Kwa tuta moja la nyuma ya nyumba pakiti ndogo ya gramu chache ni fedha ndogo mno kuwa sababu ya kutoa mbegu.

*Inamfaa* anayelima kwa mkataba au kwa soko linalotaka usawa, anayeanza kulima kitunguu kwa mara ya kwanza, na yeyote asiye na baridi wala jokofu.

Kuvuna, kukausha na kupima

Kwa njia mbili za mwanzo kazi ya mwisho ni moja. Kichwa kikianza kupasuka vibumba vyake na mbegu nyeusi kuonekana kwenye sehemu ya kumi hivi ya kichwa, kata. Ukisubiri vyote vipasuke utaokota mbegu chini. Vichwa havikomai siku moja, hivyo pita shambani mara kadhaa. Kata na kipande cha bua cha sentimita 10 hadi 15, tandaza kwenye turubai kivulini penye hewa wiki moja au mbili, ukigeuza.

Sugua kwa viganja, chekecha, pepeta kwa ungo. Mbegu pepe nyingine ni ngumu kutoka kwa upepo. Zimwage kwenye ndoo ya maji, nzima zitazama na tupu zitaelea. Fanya upesi, dakika chache, kisha tandaza zilizozama zikauke maji siku hiyohiyo. Usizianike kwenye bati la moto.

Zikikauka barabara ziweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Chini weka mchele uliokaushwa kwenye sufuria hadi uwe mkavu kabisa kisha ukapoa, umefungwa kwenye kitambaa, unyonye unyevu. Andika aina na mwezi. Mahali pa baridi na giza; jokofu likiwepo ni bora zaidi, mradi chupa imefungwa. Hata hivyo panga kuzitumia ndani ya mwaka.

Kupima ni rahisi na wachache hufanya. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye karatasi laini au kitambaa chenye unyevu, weka kwenye sahani iliyofunikwa ndani ya nyumba, na hesabu zilizoota kufikia siku ya 12. Fanya hivyo pia kwa mbegu za dukani kabla ya kusia kilo nzima.

Kwa hali yako

Kama una shamba la mwinuko lenye baridi ya kweli, aina ya kawaida unayoipenda na chanja ya kuhifadhia, njia ya pili ndiyo ningekushauri, huku mwaka wa kwanza ukinunua mbegu za kulimia kama kawaida. Usiutegemee uzao wako kabla hujauona.

Kama una mbegu kidogo ya aina inayopotea kijijini, labda bibi amebaki na kichupa kimoja, tumia njia ya kwanza mara moja ili kuiongeza wingi, halafu hamia ya pili kwa kizazi kinachofuata.

Kama unalima ekari kadhaa kwa mnunuzi anayetaka ukubwa mmoja, nunua. Tenga ukipenda kona ya majaribio, lakini mkataba usiuweke juu ya mbegu ambayo hujaijua.

Kama uko pwani bila jokofu, nunua mbegu, au geukia vitunguu vidogo vya mafungu ambavyo huzidishwa kwa kupanda kitunguu chenyewe na havihitaji ua. Ukiwa na jokofu lenye nafasi, jaribu mama 20.

Kama nia yako ni kuwauzia wengine mbegu, hapo umeingia kwenye sheria za mbegu, na ubora wa mazao yako peke yake hautoshi. Tanzania ina utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa unaowaruhusu wakulima waliosajiliwa kuzalisha na kuuza ndani ya eneo lao chini ya ukaguzi wa TOSCI. Anza kwa afisa ugani wa kata.

Na kama una chupa ya mbegu ya mwaka juzi ambayo hujui uifanyeje, ipime. Zikiota 70 kati ya 100 au zaidi, sia kama kawaida. Zikiota 40, ongeza kiasi mara mbili kitaluni. Zikiwa chini ya 20 usipoteze maji, hata zile chache zitakazoota zitakuwa miche dhaifu.